Kwa Mdomo wa Agustina

Ringwani, 14 Januari 2024

Shangazi Scholastica,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Gloria ni mzima na watoto wote wawili ni wazima, ila mdogo anakohoa, nadhani ni unga wa mihogo ninaoingia nao nyumbani kila jioni. Nimesikia upepo umeangusha migomba ya Baba. Mpe pole yangu, na mguu wake je? Najua wewe na simu mmegombana tangu sikio lako la kushoto lilipoanza kuziba, kwa hiyo barua hii nampa Ryoba dereva, maana gari lake la Mugumu hupita hapo Nyamwaga karibu kila siku. Ukiwa na jibu mpe yeye.

Shangazi, nimepanda cheo. Wiki iliyopita Bwana Maftah, mwenye kiwanda, alikuja kutoka Tarime, akatukusanya wote, akasema kuanzia siku hiyo mimi ndiye msimamizi. Kazi yetu unaijua: mihogo inaingia mibichi, inamenywa, inaoshwa, inaparazwa kwa mashine, inakamuliwa, inaanikwa, inasagwa. Tuko watu kumi na wanne, wanawake tisa. Miaka mitatu nilikuwa nje kwenye magunia. Sasa niko ndani na daftari.

Amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nikiweza, ananithibitisha. Nikishindwa, analeta mtu kutoka Mwanza na mimi narudi kubeba magunia mbele ya watu walewale niliowasimamia. Aibu hiyo siwezi kuibeba, tena hapa ninapoishi karibu na wakwe.

Na kusema kweli, nashindwa. Jana wenzangu walikuwa wanacheka karibu na pipa la maji, nilipofika wakanyamaza wote. Nikimwagiza mtu anasema "sawa bosi" kwa kunidhihaki, halafu hafanyi. Basi nachukua koleo nafanya mwenyewe. Ikifika saa kumi jioni nimechoka kuliko wote na kazi haijaisha. Wewe uliongoza wodi miaka kumi na tisa, na wengine waliokuwa chini yako walikuzidi umri. Uliwaambiaje wakafanya?

Nina swali jingine, ninalo tangu utoto na sijui kama ninaruhusiwa kuliuliza. Kwa nini uliacha ile kazi kabla ya muda wako ukarudi kukaa kwa Baba?

Mwanao,
Nchagwa Mseti

*

Nyamwaga, 4 Februari 2024

Nchagwa, mura, kijana wangu,

Marahaba. Ryoba amekaa na barua yako siku tisa mfukoni mwa koti, akaileta inanuka dizeli. Mguu wa baba yako umevimba upya kwa sababu anakataa kuuinua anapokaa, anasema mwanaume hakai kama mgonjwa. Migomba iliyoanguka ni kumi na mmoja. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Kuhusu mtoto, vua nguo za kazi nje kabla hujambeba, hilo halihitaji daktari.

Hongera kwa cheo, ingawa kwa unavyoandika umepewa daftari tu, cheo chenyewe bado hujakichukua. Msimamizi anayeshika koleo kila akiudhika amejirudisha mwenyewe kwenye magunia. Weka koleo chini.

Mimi asubuhi, kabla mtu hajagusa kitu, niliwasimamisha wote kwa dakika tano. Sikusema "jamani, wodi isafishwe." Wodi ya "jamani" haisafishwi na mtu. Nilisema, "Yasmini, vitanda vya dirishani, kabla ya saa tatu." Nilitaja kazi, jina na saa, halafu nikamwambia anirudishie maneno hayo kwa mdomo wake. Hapo ndipo watu wanapochukia, wanaona unawafanya watoto. Waache wachukie wiki mbili. Agizo ambalo halijarudi kutoka kwa aliyeagizwa hesabu kwamba hujalitoa.

Mtu akikosea usimlimbikizie. Mwite pembeni siku hiyohiyo, ninyi wawili, mwambie alichofanya, usimwambie alivyo. Akifanya vizuri msifu mbele ya wenzake kwa neno moja tu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na daftari ulilopewa si la kujipepea. Andika nani aliambiwa nini na lini. Siku mambo yakiharibika kila mtu husahau alichoambiwa.

Hao wanaokucheka ni akina nani? Niandikie majina na tabia zao.

Swali lako la mwisho nimeliona. Leo nina mahindi ya kupukuchua.

Shangazi yako,
Scholastica

*

Ringwani, 3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nguo sasa navulia uani na kikohozi cha mtoto kimepungua. Gloria hucheka kila jioni akiniona nimesimama nje na taulo kama mtu aliyefukuzwa. Mwambie Baba dume la ng'ombe asiliuze mpaka nije nilione.

Yale ya kurudishiwa maneno yamefanya kazi. Yule aliyekuwa ananiita bosi kwa dharau ni Mogesi wa magunia. Nilipomwambia anieleze atafanya nini, akasema, "Kwani mimi ni kasuku?" Watu wakacheka. Nikangoja. Nilingoja mpaka yeye mwenyewe akaona haya, akasema, "Magunia arobaini, yapangwe upande wa jua, kabla ya saa nne." Na akayapanga. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona mtu, Shangazi, nakushukuru.

Ninayemtegemea zaidi ni Agustina, kiongozi wa banda la mashine. Ni mjane, kwao ni Kemambo, alikuja huku miaka sita iliyopita. Anaongea sana, lakini ukimwagiza jambo limekwisha. Wiki iliyopita nilimsifu mbele ya watu kwa neno moja kama ulivyosema, akaimba mpaka jioni.

Kuna mama mmoja hapo kwenye mashine ya kuparaza. Mashine hiyo ina mdomo kwa juu ambamo mihogo inatupwa, na chini yake kuna pipa lenye meno linalozunguka. Tumeweka mti wa kusukumia. Yeye anasukuma kwa mkono, anasema mti unamchelewesha. Nikiingia bandani ananigeuzia uso ukutani. Nimemtuma Agustina amwambie, na daftarini nimeandika: Agustina ameambiwa, amerudia. Nikamtuma mara ya pili, nikaandika tena. Bado anasukuma kwa mkono.

Mtu wa namna hiyo anasimamiwaje?

Mwanao,
Nchagwa

*

Nyamwaga, 20 Machi 2024

Mura,

Marahaba. Mvua imeanza na mahindi yameota vizuri upande wa juu. Baba yako bado ni mbishi. Dume halijauzwa.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mogesi ana jina. Agustina ana jina, ana kwao na ujane wake, hata kuimba kwake nimekusikia. Halafu kuna "mama mmoja." Mficha uchi hazai, na mimi nimezalisha wanawake wengi. Mwanamke mtu mzima anayekugeuzia uso ukutani huko Ringwani ni mmoja tu. Ni Mokami, mama yake Gloria. Ulipokuwa nje kwenye magunia hamkukutana, yeye ndani na wewe nje. Sasa umepewa cheo na mama mkwe wako yumo ndani yake, nawe ukanificha.

Nilikuwepo siku ya posa. Nakumbuka ulivyokaa umeinamisha kichwa, hukumtazama hata alipoleta maji, na mimi nikajivuna kwamba kijana huyu tumemlea.

Kwa kanuni za wodi ningekuambia umwite pembeni leo. Lakini pembeni gani utakaa na mama mkwe wako? Humpi mkono, huli naye, humtaji jina, akikuona njiani anapisha. Hiyo ndiyo insoni, haya ya ukwe tuliyoachiwa na waliotutangulia, na mtu anayeivunja hasamehewi hapa wala huko. Mimi nakuambia nikiwa najua. Usimsemeshe. Usimwamuru. Nitakuja mwenyewe baada ya Pasaka nizungumze naye, mwanamke kwa mwanamke. Nisubiri.

Shangazi yako,
Scholastica

*

Ringwani, 28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pasaka imepita wiki nne. Gloria alifua mashuka ya wageni, akayakunja, na mpaka leo yako kwenye kiti. Watoto wanauliza bibi atakuja na ndizi gani.

Nisamehe kwa kukuficha. Niliona aibu kukuandikia kwamba ninamsimamia mama mkwe, nikaona niandike kama vile ni mtu baki.

Sikuweza kungoja nimekunja mikono. Nilimtuma Agustina amwambie ahamie kwenye kumenya. Akahama siku moja. Wanaomenya wanakaa chini kwenye vigoda, nje, chini ya turubai linalovuja, na yeye goti lake halikunjiki. Kwenye mashine anasimama, tena chini ya bati. Jioni alikwenda kwa Gloria akalia. Gloria akaniuliza, "Mama amekukosea nini mpaka umtoe kwa kumtumia mtu, kama mwizi?" Nikajibu ni mambo ya kazi. Kesho yake mama mkwe alirudi kwenye mashine mwenyewe, bila kuuliza mtu, na sikuwa na mdomo wa kumzuia. Nikamtuma Agustina mara ya tatu kuhusu ule mti. Akarudia maneno yangu yote, nikaandika.

Nilifikiria kumwomba Bwana Maftah amwambie yeye. Lakini nimebakiza miezi miwili nithibitishwe. Nimwendee tajiri nimwambie kuna mfanyakazi wangu siwezi kumsemesha? Ataniuliza basi nasimamia nini.

Unakuja lini? Nakuuliza kwa heshima, lakini nakuuliza.

Mwanao,
Nchagwa

*

Nyamwaga, 12 Mei 2024

Mura,

Marahaba. Baba yako sasa anainua mguu, baada ya Ryoba kumwambia kwamba matajiri hukaa hivyo. Mvua imezidi, barabara imekatika karibu na mto, na mimi kifua kimenibana. Nitakuja mwezi wa sita.

Kumficha tajiri umefanya vyema. Mambo ya ukwe hayapelekwi kwa mtu baki.

Kwa sasa ongeza bidii katika unayoweza. Usikae ofisini. Zungukia kila banda kila saa, watu wauone uso wako. Mahali uso wa msimamizi unapoonekana mara kwa mara, kazi hujinyoosha yenyewe.

Scholastica

*

Ringwani, 30 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Watoto ni wazima. Salamu zimeishia hapo.

Jumanne ya tarehe ishirini na moja, saa tano asubuhi, nilikuwa nazungukia mabanda kama ulivyonifundisha. Nikaingia banda la mashine. Mama mkwe aliponiona akageuza uso ukutani, kama siku zote. Mkono wake haukugeuka, uliendelea kusukuma. Nikaona vidole vimeshuka ndani ya mdomo wa mashine kuliko nilivyowahi kuviona. Nikafungua kinywa nimwite. Shangazi, jina halikutoka. Hata "mama" halikutoka. Nilichopiga kelele ni "Agustina!" Agustina akageuka kunitazama mimi. Wote bandani wakanitazama mimi. Hakuna aliyemtazama yeye mpaka alipolia.

Ni vidole vinne vya mkono wa kulia. Nilizima mashine, nikambeba mpaka kwenye gari. Tangu nimwoe Gloria, miaka tisa, sijawahi kumgusa hata kwa salamu. Nilipomwinua alivuta kanga kwa mkono uliobaki akajifunika uso nisimwone. Damu inamtoka na bado ananistahi. Sitaisahau hiyo.

Amehamishiwa hospitali ya huko kwenu, ile uliyofanya kazi. Gloria yuko naye. Kabla hajaondoka aliniuliza kama nilikuwa nikimwona mama yake anavyosukuma kwa mkono. Nikasema nilikuwa namtuma mtu. Alifunga mzigo wake akaenda.

Bwana Maftah alikuja kesho yake. Akauliza, "Huyu mama aliambiwa?" Nikasema aliambiwa. Akataka kuona, nikampa daftari. Akalisoma lote amesimama. Akasema, "Safi sana, Nchagwa. Agustina ameagizwa mara tatu na amekiri mara tatu. Basi Agustina hakufikisha." Ameandika karatasi inayosema hivyo, kwamba ajali imetokana na uzembe wa Agustina. Nikisaini, Agustina anaondoka na mimi nathibitishwa. Nikikataa, anasema kosa la banda ni la msimamizi na nitaondoka mimi. Amenipa mpaka tarehe kumi na nne Juni.

Sijui Agustina alimwambia kwa maneno gani. Sikuwahi kusimama nikasikia. Kila mara nilikuwa nimetoka nje makusudi, nisiwepo.

Niambie nifanye nini, na unijibu upesi. Barabara uliyosema imekatika ndiyo hiyo iliyoniletea barua yako kwa siku mbili. Nimemuuliza Ryoba. Anasema hakukosa safari hata moja mwezi wote wa tano.

Nchagwa

*

Nyamwaga, 8 Juni 2024

Mwanangu Nchagwa,

Marahaba. Barabara haikukatika. Kifua nacho hakikunibana. Niliogopa kuja.

Uliniuliza kwa nini niliacha kazi. Nyumbani husemwa niliumwa. Sikuumwa. Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa mlango wa wodi yangu. Asubuhi moja nilimkuta amelala kwenye kiti amelewa, amefunga mlango kwa ndani, na nje kuna mama mwenye uchungu anagonga. Nilimwita kwa upole, hakuamka. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti kubwa, mbele ya wauguzi na wagonjwa, nikamwambia aondoke kwenye zamu yangu. Mama yule aliingia akajifungua salama. Mimi jioni hiyo nilikuta sanduku langu nje. Mume wangu aliniambia mwanamke anayelitaja jina la baba yake mbele ya watu hana nyumba kwake. Ukoo wao wote ukanifungia milango, na wauguzi wenzangu walikuwa binti zao na wakamwana wao. Niliendelea na kazi miezi minne nikiwa sisalimiwi na mtu, nikashindwa. Kaka yangu, baba yako, alinipokea bila kuniuliza neno.

Nilikuwa sahihi, Nchagwa, na bado nilipoteza kila kitu. Ndiyo maana nilikuambia unyamaze. Sikutaka uishi hivi ninavyoishi. Na niliposema nitakuja kuzungumza na Mokami, nilijua siku ya kuandika kwamba sitakuja, maana nisingeweza kukaa mbele ya mkwe mwingine nikazungumza habari ya insoni. Nilikufundisha kila kitu isipokuwa kile kimoja ulichokuwa unakihitaji.

Jana nimekwenda hospitali. Ni mara ya kwanza kupita mlango ule tangu siku hizo. Mokami nimemkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa, Gloria anamlisha uji. Gloria alinisalimia akatoka nje. Nikamuuliza Mokami kama Agustina alimwambia. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Aliniambia, mara zote tatu. Lakini Agustina kila kitu anakisema sana. Na yule kijana nilikuwa namwona anapita tu, hana wasiwasi. Nikasema moyoni, jambo hili lingekuwa la hatari kweli, angekuja kuniambia mwenyewe, ukwe au si ukwe. Hawezi kuniacha niumie kwa ajili ya kuona haya."

Kwa hiyo Agustina alifikisha. Usisaini ile karatasi. Mwambie Bwana Maftah ulimwona miezi mitano na hukumwambia. Utapoteza cheo na utalala bila kujificha.

Ningeweza kumwomba mtu akupigie simu, lakini mambo haya sikutaka yapite mdomoni mwa mtu mwingine. Ryoba ameniahidi utaipata kesho.

Shangazi yako anayekuomba msamaha,
Scholastica

*

Ringwani, 21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba alinitumia salamu kwa Ryoba kwamba dume limeuzwa. Si neno.

Barua yako niliipata tarehe sita Julai. Gari la Ryoba lilivunjika gia lilipofika Mugumu siku ileile uliyompa, likakaa gereji karibu mwezi mzima na barua ikiwa ndani. Mimi nilingoja jibu lako. Tarehe kumi na mbili sikulala, tarehe kumi na tatu nikajiambia kama Shangazi amenyamaza basi ameona nisaini. Nilisaini. Ungemwomba mtu yeyote hapo Nyamwaga anipigie maneno mawili tu. Mtoto wa dukani angetosha. Nina hasira na wewe, Shangazi, na sitaficha. Halafu nikikumbuka mkono ulioshika kalamu ni wangu, hasira inanirudia mwenyewe.

Agustina hakugombana. Alisomewa karatasi, akanitazama, akachukua kanga yake iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, akaenda. Tarehe moja Julai Bwana Maftah alinithibitisha mbele ya watu wote na Mogesi akapiga makofi.

Nilipoisoma barua yako nilimfuata Bwana Maftah mpaka Tarime. Nilimkuta dukani, nikamsomea yale maneno ya hospitali. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza. Akasema, "Karatasi imeshakwenda inakokwenda. Wewe ni msimamizi mzuri, daftari lako limenyooka. Rudi kazini." Nikamwambia niondoe mimi. Akasema ukiacha unaacha mwenyewe, Agustina harudi kwa hilo.

Mama mkwe amerudi kwake. Jumapili iliyopita nilikwenda. Gloria alikuwa mlangoni, hakunizuia. Nilisimama uani, mama mkwe akiwa amekaa, akageuza uso. Nikasema hivyohivyo, kwa sauti, nikimwambia yeye mwenyewe bila kupitia kwa mtu. Nikamwambia niliuona mkono wake tangu Januari. Nikamwambia nilitembea nikaenda zangu. Nikamwambia na habari ya karatasi, kwamba nilimwandikia Agustina kosa langu. Kisha akageuka akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu nimwoe mtoto wake, akasema, "Nchagwa, nenda kamrudishe Agustina. Ukishindwa, usikanyage tena hapa." Gloria alianza kulia. Yeye hakulia.

Kwa hiyo jana Jumamosi nilikwenda Kemambo. Gari lilipita hapo Nyamwaga, niliona bati la nyumba na nikakuona wewe uani unapepeta kitu. Sikushuka.

Nilimkuta Agustina nyumbani kwa mama yake anaanika mtama kwenye turubai. Nikamwambia nimekuja kumwomba arudi, nitamwachia cheo changu kama Bwana Maftah atakubali, nami nitabeba magunia chini yake. Hakuacha kutandaza mtama. Alisema, "Mimi sikuwa na ukwe na yule mama, lakini nilimwambia mara tatu. Mara ya tatu nilimshika mkono nikauvuta. Wewe ulimwambia mara ngapi?"

Nikasema hata mara moja.

"Basi nenda ukasimamie," akasema, na akaniomba nisogee, nilikuwa nimesimama kwenye mtama.

Nchagwa